Tohara hospitalini: Maumivu ya mtoto yazuiwe kabla hayajaanza

KILA mwaka ifikapo Novemba na Desemba, shule zinapofungwa kwa likizo ndefu, zahanati na hospitali katika maeneo mengi ya Kenya hupokea wavulana waliofika kupashwa tohara.

Shughuli yenyewe haichukui muda mrefu. Mvulana hudungwa sindano ya ganzi, hukatwa govi, hushonwa na kufungwa bendeji. Siku hiyo hiyo hurejea nyumbani, mara nyingi kwa matatu au bodaboda, akiwa amejifunga leso kiunoni na akitembea kana kwamba hakuna lililotokea.

Jioni mambo hubadilika. Ganzi huisha, na mtoto aliyekuwa akitabasamu mchana huanza kulia au kujikunyata kitandani bila kutaka kuguswa. Mzazi naye, ambaye aliambiwa ampe mtoto dawa "akisikia maumivu", amekaa akingoja asikie kilio ndipo afungue chupa.

Akingoja hivyo, huwa amechelewa. Dawa ya kumeza huhitaji nusu saa hadi saa nzima ili ianze kufanya kazi, na katika muda huo maumivu huwa yamekwisha kupanda hadi kiwango ambacho dozi ya kawaida haiwezi kuyashusha upesi. Ndiyo maana wataalamu wa ganzi na upasuaji wa watoto husisitiza kwamba maumivu ya tohara ni rahisi kuyazuia kuliko kuyatuliza, na kwamba kazi ya kuyazuia huanza kabla mtoto hajafika kwenye chumba cha upasuaji.

Mtoto mchanga naye huumia

Kwa miaka mingi, hata miongoni mwa madaktari, iliaminika kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima kwa sababu ubongo na neva zake havijakomaa. Kutokana na imani hiyo, watoto wachanga katika nchi nyingi walitahiriwa bila ganzi yoyote, huku wakishikiliwa tu mikono na miguu.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1987, wakati Kanwaljeet Anand na wenzake walipochapisha matokeo ya utafiti waliofanya Uingereza kuhusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati na kufanyiwa upasuaji. Watoto waliopewa dawa kali ya kuzuia maumivu miili yao ilistahimili upasuaji vizuri kuliko wale waliopewa ganzi hafifu iliyokuwa kawaida wakati huo, na matatizo baada ya upasuaji yalikuwa machache kwao.

Mwaka 1997, Anna Taddio na wenzake huko Toronto, Canada, walieleza jambo jingine la kutia wasiwasi. Waliwatazama wavulana 87 walipokuwa wakipewa chanjo za kawaida katika umri wa miezi minne hadi sita. Wale waliokuwa wametahiriwa walionyesha maumivu zaidi sindano ilipowaingia kuliko wale ambao hawakutahiriwa. Miongoni mwa waliotahiriwa, waliopakwa krimu ya ganzi kabla ya kukatwa walielekea kulia kidogo kuliko wale waliopakwa krimu isiyo na dawa. Kwa maneno mengine, mwili wa mtoto unaweza kukumbuka maumivu ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuyasimulia.

Jambo hili lina uzito kwa familia za Pwani, Kaskazini Mashariki na kwingineko ambazo huwatahiri watoto wakiwa bado wachanga. Kumnyonyesha mtoto, au kumlambisha maji ya sukari muda mfupi kabla ya sindano, hupunguza kilio, na ni jambo jema kulifanya pale wahudumu wanapoliruhusu. Lakini maji ya sukari hayawezi kuchukua mahali pa ganzi. Mtoto aliyenyamaza kwa sababu ana kitu kitamu mdomoni bado anahitaji sindano ya kufisha neva kabla ya kisu.

Kimya si dalili ya kutoumia

Kwa wavulana wakubwa tatizo ni tofauti. Katika jamii nyingi za Kenya tohara ni mlango wa kuingilia utu uzima, na ujasiri ndio ada ya kupita mlango huo. Miongoni mwa Wabukusu, kwa mfano, ambao hutahiri mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kijana anayetahiriwa kwa njia ya jadi husimama wima uani, mwili umepakwa matope, mbele ya jamaa na majirani, na hatarajiwi kupepesa hata jicho.

Hospitali imeondoa sehemu kubwa ya mtihani huo, lakini mawazo yenyewe hayakubaki nje ya lango. Mvulana wa miaka 12 aliyedungwa ganzi na daktari bado anajua kwamba baba, wajomba na rafiki zake wanamtazama. Akiulizwa kama anaumia, atajibu kwamba hajambo. Atasema hivyo hata ikiwa ameshindwa kulala usiku kucha.

Hakuna haja ya kuibeza mila ili kulitambua jambo hili. Mzazi anaweza kumwambia kijana waziwazi kwamba ujasiri wake umekwisha kuonekana, na kwamba kumeza dawa kwa saa zake ni sehemu ya kutunza kidonda kama ilivyo kubadilisha bendeji. Mara nyingi maneno hayo husikika zaidi yakitoka kwa mjomba, kaka mkubwa au mlezi wa tohara kuliko yakitoka kwa mama, ambaye kwa desturi za jamii nyingi huenda haruhusiwi hata kumkaribia.

Ganzi hufanyaje kazi?

Ganzi inayotumika zaidi katika tohara ni ile inayofisha neva za uume peke yake huku mtoto akiwa macho. Sindano hudungwa kwenye shina la uume, upande wa juu, kulia na kushoto, karibu na neva mbili zinazopeleka hisia. Wahudumu wengi huongeza dawa kidogo chini ya ngozi kuzunguka shina lote ili upande wa chini usiachwe.

Dawa ya kawaida ni lignokeini. Huanza kufanya kazi baada ya dakika chache na hudumu kwa muda wa saa moja hadi mbili. Nyingine, bupivakeini, huchelewa kidogo kuanza lakini hudumu saa nne hadi sita, na wakati mwingine zaidi. Baadhi ya wahudumu huzichanganya ili mtoto apate ganzi ya haraka na pia ya kudumu. Mzazi ana haki ya kuuliza ni ipi iliyotumika, kwa kuwa jibu hilo ndilo litakalomwambia ni saa ngapi maumivu yatatarajiwa.

Kipimo cha ganzi hutegemea uzito wa mtoto, wala si umri wake au ukubwa wa umbo lake machoni pa mhudumu. Kiwango cha juu cha lignokeini isiyochanganywa na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 basi hapaswi kuzidishiwa miligramu 60, yaani mililita 3 za dawa yenye nguvu ya asilimia 2, au mililita 6 za ile ya asilimia 1. Chupa hizo mbili hufanana, na kuchanganya moja na nyingine ni kosa linaloweza kumletea mtoto degedege au kusimamisha moyo wake. Zahanati ambayo haimpimi mtoto kwenye mizani kabla ya kumdunga sindano haistahili kuaminiwa na kisu.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mzazi anaweza kuyaangalia. Kwanza, miongozo ya tohara hukataza ganzi iliyotiwa adrenalini kwa sababu dawa hiyo huibana mishipa ya damu, na kiungo hiki hakina njia nyingi za kupitisha damu. Pili, baada ya sindano mhudumu anapaswa kungoja dakika kadhaa, kisha aibane ngozi kwa koleo na kumwuliza mtoto kama anasikia. Ikiwa mtoto anashtuka, ganzi bado haijakolea. Foleni ndefu ya likizo si sababu ya kuruka hatua hiyo.

Ipo pia krimu ya ganzi inayopakwa juu ya ngozi muda wa saa moja kabla. Hupunguza uchungu wa sindano yenyewe, na kwa mtoto mwoga huo si msaada mdogo. Peke yake, hata hivyo, haitoshi kwa tohara. Aina yenye prilokeini huhitaji uangalifu kwa watoto wachanga, kwani ikizidi huweza kuidhoofisha damu isibebe oksijeni ipasavyo.

Katika hospitali kubwa, hasa mtoto akiwa mdogo asiyeweza kutulia au akifanyiwa upasuaji mwingine kama wa ngiri au korodani isiyoshuka, hutumiwa nusukaputi. Mtoto akiwa amelala, daktari wa ganzi huweza kumdunga dawa mwisho wa uti wa mgongo, juu kidogo ya makalio, ili kufisha sehemu yote ya chini. Kwa tohara pekee, tafiti zilizolinganisha njia hii na ile ya kufisha neva za uume zilionyesha kwamba zote mbili huzuia maumivu karibu sawa. Tofauti ni kwamba sindano ya mgongoni huweza kuiacha miguu ikiwa dhaifu kwa saa kadhaa, na mzazi asiyejulishwa hushtuka mtoto anaposhindwa kusimama.

Saa tatu na saa tisa

Baada ya ganzi, nguzo ya kuzuia maumivu nyumbani ni dawa mbili za bei nafuu: parasetamoli, ambayo Wakenya wengi huiita kwa jina moja tu la Panadol, na ibuprofeni.

Parasetamoli hutolewa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita, bila kuzidisha dozi nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 300 kwa kila dozi. Ikiwa dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5, hiyo ni mililita 12.5, kipimo kikubwa kuliko kijiko kimoja ambacho wazazi wengi hukadiria. Kijiko cha jikoni si kipimo kwa vyovyote. Itumike bomba ndogo ya plastiki au kikombe kilichokuja na chupa.

Dozi ya kwanza inapaswa kutolewa kabla ya upasuaji au mara tu baada yake, wakati ganzi ingali inafanya kazi. Mtoto aliyemeza dawa saa tatu asubuhi atameza tena saa tisa alasiri, kisha saa tatu usiku, na tena saa tisa usiku. Ratiba hii ina bahati ya kukumbukwa kwa urahisi: ni saa tatu na saa tisa, mchana na usiku. Dozi ya saa tisa usiku ndiyo husahauliwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa usiku wa kwanza. Si kosa kumwamsha mtoto kidogo anywe dawa alale tena. Atakayeamshwa na maumivu hatalala tena upesi.

Ibuprofeni huenda sambamba na parasetamoli kwa kuwa dawa hizo mbili hufanya kazi kwa njia tofauti. Kipimo chake ni miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Haifai kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, mwenye maradhi ya figo, anayetapika au kuharisha hadi kuishiwa maji, wala yule ambaye pumu yake iliwahi kuchochewa na dawa za aina hiyo. Mwenye tatizo la damu kutoganda asipewe, na kwa kweli mtoto kama huyo hapaswi kutahiriwa kabla ya kuonwa na daktari bingwa.

Ratiba hii hufuatwa kwa siku mbili au tatu, mtoto alie asilie. Baada ya hapo dawa hupunguzwa, na hutolewa tu inapohitajika.

Hatari ya parasetamoli imo katika wingi wa majina yake. Dawa nyingi za mafua na homa zinazouzwa madukani zina parasetamoli ndani, na mzazi anayempa mtoto dawa ya maumivu pamoja na dawa ya mafua huenda anampa dozi mbili bila kujua. Ikizidi kwa siku kadhaa, parasetamoli huharibu ini.

Wenye selimundu, ugonjwa ulioenea hasa magharibi mwa Kenya na Pwani, wanahitaji mpango wa peke yao. Maumivu, baridi na ukosefu wa maji huweza kuwaamshia mashambulizi. Tohara yao haifai kufanywa katika kambi ya likizo bali hospitalini, chini ya daktari anayejua hali yao.

Dawa za kuepukwa

Aspirini haifai kutumiwa kutuliza maumivu ya mtoto. Huzidisha kuvuja kwa damu, na kwa watoto wenye homa ya virusi imehusishwa na ugonjwa adimu lakini hatari unaoshambulia ini na ubongo.

Kodeini ina historia yake. Kwa miaka mingi ilitolewa kwa watoto baada ya upasuaji mdogo kama dawa ya wastani isiyo na madhara makubwa. Ikaja kugunduliwa kwamba mwili huigeuza kodeini kuwa mofini, na kwamba kasi ya mageuzi hayo hutofautiana kwa kurithi. Kwa baadhi ya watu hutokea haraka mno, na mtoto huweza kuacha kupumua akiwa usingizini kwa dozi iliyoandikwa sawasawa na daktari. Watu wa namna hiyo wako katika kila taifa, lakini wamepatikana kwa wingi hasa Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini.

Mwaka 2012, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiacha kodeini nje ya mwongozo wake wa kutibu maumivu ya watoto. Mwaka 2017, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini na tramadoli kwa walio chini ya miaka 12. Mzazi anayepewa tramadoli dukani kwa ajili ya mtoto aliyetahiriwa anapaswa kuikataa.

Bendeji, mkojo na usiku

Si maumivu yote yanayotoka kwenye mkato. Bendeji iliyoganda ikavutwa kwa nguvu huumiza pengine kuliko nyuzi zenyewe. Siku ya kuiondoa, kama ilivyoelekezwa na mhudumu, ilowekwe kwanza kwa maji safi ya uvuguvugu hadi iachie yenyewe. Mafuta mazito ya kupaka yakiwekwa juu ya kidonda huzuia nguo isigande. Spiriti isipakwe, huchoma na haiponyi.

Mtoto anayeogopa kukojoa hukataa kunywa maji, mkojo ukawa mkali na ukamchoma zaidi akikojoa. Dawa ya hofu hiyo ni kumnywesha maji mengi, na kwa mdogo, kumkalisha katika beseni la maji ya uvuguvugu akojoe humo baada ya bendeji kuondolewa.

Kwa waliobalehe, usiku huleta shida ambayo hawaitaji kwa sababu ya haya. Uume husimama wenyewe usingizini na kuvuta nyuzi. Kukojoa kabla ya kulala na kulala ubavu huku magoti yamekunjwa husaidia. Kijana akiambiwa mapema kwamba jambo hilo ni la kawaida, hatadhani kwamba amejiharibu.

Hofu nayo ni kuni za maumivu. Mtoto ambaye tangu utotoni ametishiwa kwamba asipotulia "daktari atamdunga sindano" huingia zahanati akiwa tayari ameshindwa. Aelezwe kwa lugha yake kitakachofanyika, aambiwe ukweli kwamba sindano itauma kidogo na kisha atasikia kuguswa tu, na mtu anayempenda awe karibu na kichwa chake akimsimulia jambo.

Kumsoma asiyesema

Kwa mtoto asiyeweza kueleza, wauguzi hutumia kipimo chenye mambo matano: uso, miguu, mwili, kilio na jinsi anavyotulizika. Kila jambo hupewa alama kutoka 0 hadi 2, jumla 10. Uso uliokunjamana, miguu inayopiga mateke au kukazana, mwili unaojipinda, kilio kisichokoma na mtoto asiyetulia hata akibebwa huashiria maumivu makali. Mzazi hahitaji karatasi ili kulifanya hilo. Mkubwa anayenyamaza, asiyetaka kula, anayetembea huku amejikunja au kukataa kucheza, naye anasema jambo.

Kwa kawaida maumivu hupungua siku baada ya siku. Yakizidi baada ya siku ya pili au ya tatu, suluhisho si kuongeza dozi bali kurudi kituoni, kwa kuwa huenda kidonda kimeingia viini. Mtoto arudishwe haraka pia ikiwa bendeji imelowa damu isiyokoma, ikiwa amepata homa au usaha, ikiwa kichwa cha uume kimegeuka rangi na kuwa cheusi au cha buluu, au ikiwa hajakojoa kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili.

Kabla ya kuondoka zahanati, mzazi apewe maagizo hayo kwa maandishi, pamoja na uzito wa mtoto, jina la ganzi iliyotumika, saa ya dozi ya kwanza na nambari ya simu inayopokewa usiku. Mhudumu akisema hana karatasi, mzazi ayaandike mwenyewe nyuma ya kadi ya kliniki.